Dizeli kwa Mwenye Safari Ndefu

Ndugu Wanachama,

Kila baada ya mavuno twaulizwa: gari gani inunuliwe? Kwa akaaye Konde na kazi yake iko Mkoani, sisi twasema dizeli, tena ndogo. Kwenda na kurudi kwapindukia kilomita 100. Tuseme ni 120: gari ya petroli iendayo kilomita 12 kwa lita yala lita 10, na dizeli ya ukubwa huo iendayo 15 yala 8. Kwa siku 25 za kazi, hizo ni lita 50. Lakini tazameni tangazo la ZURA la kila mwezi. Bei ya dizeli ikizidi ya petroli kwa robo, faida yote yatoweka.

Aliye Chake na kazi yake papo hapo Chake, asijisumbue. Dizeli nyingi za siku hizi zina chujio la masizi, na vijisafari vifupi huliziba.

Wako wanunuao kwa kutazama rangi (na redio!). Mwambieni muuzaji asiitie moto kabla hamjafika. Iwashwe ingali baridi, mbele ya fundi wenu. Ikitoa moshi wa buluu, iacheni. Na mafuta ya madumu yaogopeni: maji kidogo tu huharibu pampu na nozeli, na matengenezo yake yaweza kumeza gunia zima la karafuu.

Katibu