MLIMA NI WA NANI?

Kila asubuhi mabasi ya watalii huondoka katika jiji la Tokyo, nchini Japani, kuelekea Mlima Fuji. Umbali wake si mkubwa, yapata kilomita 100, na njia ni nzuri. Hivyo mtu aweza kunywa chai ya asubuhi mjini, kuwa mlimani adhuhuri, na kulala kitandani mwake usiku ule ule. Mbele ya kila kundi huenda mwongozaji mwenye bendera ndogo mkononi. Yeye huwaeleza wageni habari za mlima, huwahesabu kama mchungaji ahesabuvyo kondoo, na huwatajia saa ya kurudi garini. Basi hupanda kwa barabara iliyofunguliwa mwaka 1964 mpaka mahali paitwapo Kituo cha Tano, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo wageni hupiga picha, hununua vitu vya ukumbusho, na kama mawingu yamekubali hukitazama kilele chenye urefu wa mita 3,776. Kisha hushuka kuzuru maziwa yaliyo chini ya mlima, na safari imekwisha.

Hatusemi kwamba safari ya namna hiyo ni mbaya. Mtu mwenye siku moja tu ya mapumziko hana nafasi ya safari ndefu, na macho yake yana haki ya kuona mambo makubwa sawa na macho ya tajiri. Lakini liko swali ambalo twapenda ndugu zetu wafanyakazi walifikirie, hasa sisi wenye Kilimanjaro katika nchi yetu. Mlima ulio fahari ya taifa ni mali ya nani? Je, ni wa yule awezaye kulipa nauli, au ni wa watu wote? Na ikiwa ni wa watu wote, nani ana wajibu wa kuutunza na kuwatunza wanaoufanyia kazi?

Wakazi wa Tokyo walianza kulijibu swali hilo zamani sana, kabla ya kuwako mabasi. Katika karne ya 18 mji huo uliitwa Edo, nao ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Miongoni mwao walikuwamo maseremala, wachuuzi, mafundi na vibarua, watu wa kipato cha mkono kwenda kinywani. Waliuheshimu Mlima Fuji kuwa mahali patakatifu, na kila mmoja alitamani kuuzuru. Lakini kwenda kwa miguu kulichukua siku kadhaa, na gharama za chakula na malazi ziliwashinda. Basi walifanya nini? Hawakukaa chini kulia. Waliunda vyama. Kila mwanachama alitoa mchango mdogo, na kila mwaka wachache walichaguliwa, mara nyingi kwa kura, kwenda mlimani kwa niaba ya wenzao wote. Mwaka wa pili wakaenda wengine, na wa tatu wengine tena, hata zamu ikamfikia kila mtu. Sisi tuujuao upatu hatuna haja ya kufundishwa hekima hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena wasafiri hao hawakufika mlimani kama wageni wasiojulikana. Katika mji wa Yoshida, chini ya mlima, walikuwako wenyeji walioitwa oshi, ambao kazi yao ilikuwa kuwapokea, kuwalaza, kuwalisha, kuwaombea dua na kuwapatia watu wa kuwaongoza na kuwabebea mizigo. Majira ya kupanda yakipita, oshi nao walifunga safari kwenda Edo kuwatembelea wanachama majumbani mwao. Kwa hiyo mwenyeji alimjua mgeni wake, na mgeni alimjua mwenyeji wake. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kumwonea mwenzake haya.

Na wale ambao hawakuweza kwenda kabisa, kama vile wazee na wagonjwa, hawakusahauliwa. Mnamo mwaka 1779 mtunza bustani mmoja wa Edo, Takada Toshiro, pamoja na wenzake, walijenga mlima mdogo mjini kwa mfano wa Fuji, wakatumia na mawe yaliyotoka mlimani kwenyewe. Baadaye vilima vingi vya namna hiyo vilijengwa, na baadhi yake viko Tokyo mpaka leo. Wanawake nao, ambao sheria ya zamani iliwakataza kufika kilele cha Fuji, waliweza kuvipanda. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1872 tu. Ni vema tulikumbuke jambo hilo, maana hata mlima ukiitwa wa taifa, nusu ya taifa yaweza kufungiwa mlango.

Hebu sasa tutazame mambo yalivyo siku hizi. Mwaka 2013 Mlima Fuji uliandikwa katika Urithi wa Dunia, na wageni wakazidi kumiminika. Katika majira ya kupanda ya mwaka 2023 waliopanda walizidi 200,000. Wengine walitoka mjini jioni, wakapanda usiku kucha bila kupumzika ili waone jua likichomoza, wakarudi mjini siku ile ile. Walioshikwa na baridi na ugonjwa wa kimo cha juu ikawalazimu wengine kwenda kuwaokoa, na takataka zikabaki nyuma kwa wenyeji. Mambo yalifika hata, mwezi Mei mwaka 2024, mji wa Fujikawaguchiko ukatundika pazia jeusi lenye urefu wa mita 20 kando ya barabara ili kuuficha mlima, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wakiziba njia na kuingia katika maeneo ya watu. Pazia hilo liliondolewa mwezi Agosti, tufani ilipokaribia. Yafaa tujiulize, ni uchungu gani uliowafanya wenyeji waone ni heri fahari yao isionekane?

Wakuu wa mkoa wa Yamanashi hawakuishia kwenye pazia. Mwaka 2024 waliweka lango katika njia ya Yoshida, wakatoza ada ya yeni 2,000, na wakaweka mpaka wa wapandaji 4,000 kwa siku. Mwaka 2025 ada ikawa yeni 4,000 katika njia zote za mlima, za Yamanashi na za Shizuoka. Tena lango la Yoshida likafungwa tangu saa nane mchana hata saa tisa usiku kwa kila asiye na nafasi ya kulala katika nyumba za mlimani. Wako walionung'unika. Sisi twaona kwamba mwenye nyumba ana haki ya kusema wageni wangapi waingie na saa ngapi mlango ufungwe. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone; hawakusema mgeni njoo mwenyeji augue.

Mambo hayo yanatuhusu sisi. Kilimanjaro una mita 5,895, na umeandikwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1987. Vitabu vimejaa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Lakini ni wangapi kati yetu wamefundishwa jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyemwonyesha njia? Tangu siku hizo mpaka leo mlima huu umepandwa kwa miguu ya wageni na mabega ya wananchi.

Mtu aliyeko Moshi aweza kutoka asubuhi, akaingia lango la Marangu, akapita msituni pamoja na mwongozaji mpaka nyumba za Mandara, kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na akarudi mjini jioni. Raia hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa ng'ambo. Hata hivyo, wako watu waliozaliwa na kuzeeka chini ya mlima huo bila kuvuka lango lake hata mara moja. Si kwamba hawaupendi. Ni kwamba hakuna aliyewakusanya.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika na shule vianzishe mifuko ya safari kwa michango midogo, na zamu ipangwe kwa kura, wake kwa waume, ili mfagizi apate nafasi sawa na meneja. Lililowezekana kwa maseremala wa Edo haliwezi kushindikana kwa makuli wa bandarini Dar es Salaam wala kwa wachuma kahawa wa Kibosho.

Pili, yeyote apandaye, mgeni au raia, akumbuke kwamba mwongozaji na mpagazi ni wafanyakazi kama yeye. Kanuni imeweka mwisho wa mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20. Basi mizani iheshimiwe. Bakshishi ni hisani ya mgeni, haiwezi kushika mahali pa mshahara. Mwajiri anayemtuma mtu kwenye baridi ile bila nguo nzito wala chakula cha kutosha, kisha akamwambia angoje ukarimu wa mgeni, anamdhulumu mchana kweupe.

Tatu, tusingoje mpaka tutundike pazia mbele ya Kilimanjaro. Idadi ya wageni, usafi wa njia na matumizi ya ada ni mambo ya kusimamiwa mapema, na wananchi wa vijiji vya mlimani wapewe hesabu yake waziwazi.

Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961 Mwenge uliwashwa juu ya kilele kile ili uangaze nchi nzima. Haukuwashwa kwa ajili ya wenye nauli peke yao. Mfanyakazi ana haki ya kuuona mlima wake kwa macho yake, na haki hiyo ataipata kwa kushirikiana na wenzake.