"Huna Kitu" Si Jibu

Kwa muda wa mwaka mzima nilisumbuliwa na maumivu ya kifua yasiyojulikana chanzo. Nilipimwa Migori, nikapimwa Homa Bay: malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI. Hakikuonekana chochote. "Mwalimu, huna kitu," niliambiwa. Nilifurahi siku tatu, kisha nikaanza tena kujipapasa shingo nikitafuta uvimbe.

Wako watakaonicheka. Lakini hofu hii haikuzuka hivi hivi. Kabla ya serikali kuanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali za umma mwaka 2006, tulizika wengi hapa walioanza kwa kikohozi tu. Wazee walisema ni chira. Sisi wasomi tulijidai hatuamini, huku tukijihesabu vipele. Na Marekani, mfadhili mkubwa wa huduma hizo, iliposimamisha misaada yake Januari 2025, hofu ile ilirejea.

Hata hivyo, maumivu yangu hayakuwa ya kubuni. Mwenye hofu moyo humwenda mbio, misuli ya kifua hukaza, usingizi hukosekana. Naye akihisi hayo huogopa zaidi. Kipimo kingine humtuliza kwa muda mfupi tu. Kile cha Widal cha homa ya matumbo, ambacho aghalabu hudanganya, huweza hata kumpa ugonjwa asio nao.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akilalamikia tumbo kila kukicha na zahanati isione kitu, tusimwite mwongo. Tumwulize anaogopa nini. Mimi niliulizwa hivyo mara moja tu, na muuguzi mmoja, baada ya vipimo kumi na kimoja.