Mama Aliyenyamaza Ndiye wa Kwanza

Mtaani Tena, Nairobi, kisa cha wodi ya wazazi hakibadiliki sana, kisimuliwe kwenye matatu ya Outer Ring au nje ya kanisa. Mama alilia kwa uchungu, sista akampita, akaenda kwa mwanamke aliyelala kimya, tena aliyekwisha kujifungua. Wasikilizaji hukata kesi papo hapo: nesi ana roho mbaya, au amehongwa.

Wanakosea, na kosa hilo lina hatari.

Anayelia ana pumzi na ana fahamu. Lakini mji wa mimba usipokaza baada ya kondo la nyuma kutoka, mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto hubaki wazi. Mama anaweza kupoteza lita nzima ya damu kwa dakika chache, amejifunika blanketi, analalamikia baridi na usingizi tu. Usingizi huo ndio unaomkimbiza sista. Vivyo hivyo mjamzito mwenye presha ya 160 kwa 110, kichwa kinamgonga na macho yanaona giza: hata akifika wa mwisho, hupitishwa mbele kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha.

Kwamba mtoto akishalia hatari imekwisha ni uongo mkubwa zaidi. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walimwekea kila mzazi mfuko wenye alama za kupimia damu badala ya kukisia kwa macho, na damu ilipozidi wakatoa matibabu yote kwa mpigo. Visa vya kuvuja damu kupindukia, na upasuaji au vifo vilivyotokana nako, vilipungua kwa asilimia 60. Waliookolewa ni wanawake ambao tayari walikuwa wameshajifungua.

Ukatili upo, na haufai kufichwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni hospitalini na kupigwa makofi alipwe shilingi milioni 2.5. Kumpiga mzazi ni dhuluma. Kumpita anayelia ili kumwahi anayezimia ni kazi ya uuguzi, na anayeyachanganya haya mawili humfanya sista mwema aogope lawama kuliko damu.

Hasira ya Tena ina pa kwenda. Hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013, na ni kaunti inayopaswa kuulizwa usiku wa manane wodini kuna manesi wangapi, kwa vitanda vingapi.