Kabla hujainua pikapu, lala chini yake

Nina Hilux ya dizeli ninayobebea ufuta kutoka Kipatimu hadi Njia Nne. Masika ikikolea, tumbo la gari linalima matope, kwa hiyo sina ugomvi na anayetaka kuinua gari lake. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoinuliwa magari.

Mwaka juzi fundi mmoja aliniwekea spesa za sentimita saba, kazi ya asubuhi moja, akanikabidhi funguo. Gari likapendeza. Wiki ya tatu nikalala chini yake kutafuta mlio. Mpira wa jointi ya mbele ulikuwa umechanika, grisi imetapakaa hadi kwenye rimu, na mpira wa breki ya nyuma umevutika ukakaza kama uzi wa upinde. Jana yake nilikuwa nimempakia mama na watoto wangu. Nilibaki pale chini, mwili umeniisha nguvu.

Na difu ya nyuma? Palepale. Ekseli ya nyuma inabebwa na magurudumu. Ukiinua bodi, difu haipandi hata unene wa kidole. Kinachoipandisha ni tairi kubwa zaidi. Hilo sikuambiwa.

Leo gari limepanda sentimita nne tu: springi na shokapu zinazoendana, mpira mrefu wa breki, alaimenti imepimwa, taa zimeshushwa zisimpofushe anayekuja. Nimelipa zaidi, na sijutii.

Mafundi, nawaomba: magurudumu yakining'inia kwenye jeki, mwiteni mwenye gari aone jointi na mipira ya breki kwa macho yake, kabla hamjapokea pesa.