Mpira wa Guangzhou unafikaka Kolwezi kwa bei gani? Ekipe za kartie na hesabu ya duane

Kwenye kartie nyingi za Manika na Dilala, ugomvi wa ekipe hauanzaki kwenye uwanja. Unaanzaka kwenye kikao, siku koli inafika. Wazazi walichanga. Antrenere aliona kwenye telefone mipira, mayo na viatu vya krampo kutoka China, bei yake chini kuliko ya soko. Miezi miwili kisha, mwenye kusafirisha anaita: kuna franga ya kuongeza. Siku chache zinapita, anaita tena. Mwisho mali inafika kweli, lakini makuta iliyotoka ni karibu mara mbili ya ile iliyosemwa siku ya kwanza, na mwenye kushika sanduku la ekipe hana karatasi hata moja ya kuonyesha. Hapo njo neno linatoka: nani alikula?

Mara mingi hakuna mtu aliyekula. Iliyokula ni njia, kisha ushuru uliohesabiwa juu ya ile njia. Wengi wanajua kama duane inalipisha mali. Wachache wanajua kama duane inalipisha pia usafiri wa ile mali. Ekipe isiyojua jambo hili itapiga hesabu mbaya kila mara, na kila mara itatafuta mwizi ndani ya nyumba.

Duane inahesabu juu ya nini?

Katika Kongo, ushuru wa kuingiza mali hauhesabiwi juu ya bei ya muuzaji peke yake. DGDA, ofisi ya inchi ya duane, inakamata bei ya mali, inaongeza usafiri mpaka fasi ya kuingilia ndani ya inchi, inaongeza na asiransi. Jumla ya vitu hivi vitatu njo msingi. Juu ya msingi inapiga ushuru, ambao ngazi zake kubwa ni asilimia 5, 10 na 20. Mali iliyo tayari kwa kutumiwa na mtu mara mingi inaangukia ngazi za juu. Kisha inakuja TVA ya asilimia 16, iliyoanza mwaka wa 2012. Hii TVA nayo inapigwa juu ya msingi pamoja na ushuru wenyewe. Ni kodi juu ya kodi.

Tuchukue mfano. Ekipe inanunua mali ya dolare 400. Usafiri mpaka mpaka wa inchi ni dolare 180, asiransi dolare 20. Msingi ni dolare 600. Kwa ngazi ya asilimia 20, ushuru ni dolare 120. TVA inapigwa juu ya 720, ni dolare 115 na senti 20. Jumla ya kodi hizi mbili ni dolare 235 na senti 20. Mali iliyonunuliwa kwa 400 imekwisha kufika dolare 835, na bado haijavuka Kasumbalesa. Hata kwa ngazi ya asilimia 10 jumla inafika 765.

Na bado haijaisha. OCC, ofisi inayokagua ubora wa mali, inalipisha kazi yake. OGEFREM, inayofuata mambo ya usafirishaji wa mali, iko na karatasi yake. Transitere anaomba mushahara wake. Kisha kuna kamio ya kutoka mpakani mpaka Kolwezi, karibu kilometa 400 kupitia Lubumbashi na Likasi, pamoja na peaje za njiani.

Kitu cha kukumbuka katika mfano huu ni kimoja. Kwa ngazi ya asilimia 20, kila dolare moja ya usafiri wa inje inageuka dolare 1 na senti 39 wakati kodi imepita juu yake. Kama ile ekipe ingepunguza usafiri kutoka 180 mpaka 90, haingeokoa dolare 90 tu. Ingeokoa dolare 125. Bei ya mali huko China mtu wa Kolwezi hawezi kuibadilisha sana. Ushuru umeandikwa katika sheria. Usafiri njo fasi ambapo ekipe iko na nguvu kidogo.

Kusafirisha upepo

Vifaa vya michezo viko na ubaya wake: ni vyepesi lakini vinakamata nafasi. Kwa ndege, kampuni za usafiri hazipimi uzito wa mizani peke yake. Zinapima urefu, upana na kimo cha kartoni kwa sentimeta, zinazidisha, kisha zinagawa kwa 6000. Kampuni zingine za koli ya haraka zinagawa kwa 5000. Kati ya kilo za mizani na kilo za hesabu hii, mteja analipa zile zinazozidi.

Mpira wa miguu wa namba 5 uko na uzito kati ya gramu 410 na 450, hiyo njo sheria ya mchezo. Upana wake ni kama sentimeta 22. Ukiwa umejaa pumzi, ndani ya kartoni yake, hesabu inatoa kilo 1 na gramu 770. Mipira 20 inakuwa kilo 35 na nusu, na mizani inaonyesha kilo 9 tu. Tuseme kilo moja kwa ndege ni dolare 12: mipira yenye pumzi italipa dolare 426. Mipira ile ile ikitolewa pumzi, ikabonyezwa na kupachikwa mmoja ndani ya mwingine kama masahani, inaweza kukaribia dolare 108. Tofauti ni dolare 318, na ukiweka kodi juu yake, inapita dolare 440. Ni kusema, ekipe ingelipa zaidi ya dolare 400 juu ya kusafirisha upepo wa China mpaka Katanga.

Kwa meli hesabu ni ingine. Wenye kukusanya mali ya watu wengi ndani ya kontenere moja wanalipisha kwa meta kibe, si kwa kilo. Hapo viatu ndani ya kartoni zao vinalia bei, juu kartoni moja ya viatu nusu yake ni nafasi ya bure. Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaojua kazi hii wanatoa viatu ndani ya kartoni na kuvifunga ndani ya mifuko. Ekipe inaweza kuomba vile vile, lakini iombe mbele ya mali kufungwa.

Jambo lingine ni orodha. Katika duane, koli moja ya ekipe si kitu kimoja. Mipira iko kwenye namba 9506 ya orodha ya mali inayotumiwa na duane za dunia. Viatu viko kwenye sura ya 64, mayo ya kufumwa kwenye sura ya 61. Fakitire ikiandika tu “vifaa vya michezo, dolare 400”, anayekagua atapaswa kufungua, kuuliza na kukadiria mwenyewe. Na makadirio hayaangukiaki upande wa mwenye mali.

Njia ni ndefu, na mlango ni mmoja

Kolwezi iko mbali na bahari zote. Kontenere inayoshukia Dar es Salaam inapita Tunduma na Zambia, kama kilometa 2,000 kwa barabara. Ile ya Durban inapita Zimbabwe na Zambia, zaidi ya kilometa 2,500. Zote mbili zinakutana Kasumbalesa, kwenye foleni moja na makamio yanayotoka na shaba na kobalti. Mwezi wa 8 mwaka wa 2024, kisha Kongo kukataza bia na limonade za Zambia, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache. Kamio ikilala mpakani, kuna mtu anayelipa zile siku, na yule si mwenye kamio.

Wakaaji wengi wanaangalia sasa upande wa Lobito. Treni kutoka Kolwezi inapita Dilolo, inaingia Angola, inafika bahari ya Atlantiki, kama kilometa 1,700. Dilolo iko ndani ya Lualaba yenyewe, kwa hiyo mali inaweza kuingia jimboni bila kupita Kasumbalesa. Lakini hii reli, ambayo upande wa Angola ilipewa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30, inabeba kwanza shaba inayotoka na kiberiti cha viwanda kinachoingia. Mwenye kartoni tatu za mipira bado atategemea kama kuna mtu wa kukusanya koli ndogo ndogo juu ya njia hiyo.

Kuna pia tumaini lingine ambalo watu wanalisema bila kulielewa vizuri. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na wengi wanafikiri kama kila mali inayopita Tanzania haitalipa tena. Haiko vile. Faida za Jumuiya ni za mali iliyotengenezwa ndani ya inchi za Jumuiya. Mpira ulioshonwa Sialkot, ule mji wa Pakistan unaotengeneza sehemu kubwa ya mipira ya dunia, unabakia mpira wa Pakistan hata ukipita Dar es Salaam.

Mashine na mpira

Kuna swali ambalo linaulizwa kwa sauti ya chini kwenye viwanja vya Kolwezi. Kodi minière ya mwaka wa 2002 iliwekea kampuni za madini ushuru wao wa pekee kwa vifaa vya kazi ya mine: asilimia 2 mbele ya kuanza kuchimba, asilimia 5 wakati wa kuchimba. Ilibadilishwa mwaka wa 2018, na kampuni za mine ziliendelea kuwa na utaratibu wao mbali na wa wengine. Mpira wa watoto hauna kodi ya pekee. Unalipa kama mali yoyote.

Serikali iko na jibu lake, na si jibu la bure. Mashine inaleta kazi na inaleta kodi zingine kisha. Na ushuru wa juu kwa mali iliyo tayari unalinda mafundi wa ndani. Kwa mayo, hiyo inaeleweka: mafundi wa kushona wako Kolwezi, na ekipe inayonunua kitambaa na kuwapa kazi inaacha franga kwenye mji. Kwa mpira wa kushindania, ni fundi gani wa hapa analindwa? Ile asilimia 20 haizuii mtu kununua inje. Inafanya tu mtoto acheze na mpira uliopasuka mwaka mzima.

Lakini mlango mmoja uko wazi. Sheria ya 2018 inapasa kampuni za mine kukubaliana na wakaaji kwa maandiko juu ya mambo watakayofanyia jamii, na kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Wakati vijana wanaomba vifaa vya michezo, mara mingi wanaomba hesabu ya franga. Wangeomba vifaa vilivyofika: mipira kadhaa, imefika Kolwezi, kodi imelipwa. Kampuni inayoingiza makontenere kila mwezi iko na transitere wake, na kujua njia kwake si shida kama kwa ekipe ya kartie. Ila vifaa vya mchezo si vifaa vya mine, na vinapaswa kulipiwa kodi yao ya kawaida. Kuvificha ndani ya mali ya mine ni kosa la duane. Vile vile, zawadi kutoka ndugu wa Ulaya haiachiliwi kodi juu tu ni zawadi. Ruhusa ya kutokulipa inaombwa mbele, kwa maandiko.

Mbele ya kutuma franga

Ekipe isiyotaka kugombana inaweza kufanya mambo machache.

Kwanza, iulize bei ya mali ikiwa imefika Kolwezi, si bei ya Guangzhou. Mwenye kusafirisha aseme wazi: ndani ya bei hii duane imo ao haimo?

Pili, ekipe nne ao tano ziagize pamoja. Kazi ya transitere kwa koli moja kubwa inagawanywa. Kwa koli tano ndogo inalipwa mara tano.

Tatu, mipira itolewe pumzi, na viatu vitolewe kartoni.

Ine, fakitire itaje kila kitu, hesabu yake na bei yake ya kweli. Usafiri wa kutoka mpakani mpaka Kolwezi uandikwe mbali, juu usihesabiwe ndani ya msingi wa ushuru.

Tano, karatasi za malipo ya duane zidaiwe na zitunzwe. Anayesema atapitisha mali “bila karatasi” anaweza kuuza bei ya chini leo, lakini ikikamatwa, ekipe inapoteza mali na makuta pamoja, na haina fasi ya kulalamika.

Siku ya kikao, karatasi hizo ziwekwe juu ya meza, wazazi wazisome: bei ya mali, njia, ushuru, TVA, kamio. Kama kuna aliyekula, ataonekana hapo. Kama hakuna, mwenye kushika sanduku atarudi kwake na jina lake safi, na watoto watapata ekipe ambayo haikuvunjika juu ya kartoni ya mipira.