Gitaa la bidoni au la mbao: jambo la kwanza ni kipimo

BUTEMBO na BENI – Kijana akitengeneza gitaa kwa bidoni ya mafuta, wakubwa wengi husema ni mchezo wa watoto. Kwao, gitaa la kweli ni la mbao, tena lile linalotoka dukani. Hoja hiyo inapotosha, na wanaoumia zaidi ni vijana wa familia zilizokimbia mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni Oktoba 2014. Wengi wao wako katika nyumba za wenyeji, wana mikono ya kazi lakini hawana kazi.

Tofauti ya aina hizo mbili ipo. La bidoni ni rahisi: ubao mmoja hupitishwa ndani ya bidoni au kopo, misumari hushika nyuzi, na nyuzi zenyewe hutolewa katika waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake ni kali na hukatika haraka. La mbao linadai subira. Ubao lazima ukauke kabisa, ubavu upindwe kwa moto, na uso wa mbele upunguzwe hadi karibu milimita 3, kisha uimarishwe kwa vijiti ndani. Sauti yake hudumu na kujaa kanisa.

Lakini kinachofanya gitaa liimbe sawa na kwaya hakiko tumboni mwake. Kiko shingoni. Kama uzi una sentimita 65, alama ya 12 lazima iwe katikati kabisa, sentimita 32 na nusu. Alama ya kwanza hupatikana kwa kugawa 65 kwa 17.817, yaani karibu sentimita 3.65. Urefu unaobaki hugawanywa tena kwa hesabu ileile, hadi mwisho. Bidoni yenye shingo iliyopimwa hivi itasindikiza wimbo. Gitaa la libuyu lililowekwa alama kwa kukisia litawaaibisha waimbaji.

Hata mandolini za Ulaya na Marekani zinathibitisha hilo. Mafundi wa Napoli huunda mgongo wa mviringo kwa vipande vyembamba vilivyounganishwa. Orville Gibson wa Marekani alipata hataza mwaka 1898 kwa kuchonga mandolini katika mbao nzima, kama fidla. Matumbo ni mbalimbali, lakini hesabu ya shingo ni moja.

Kongo yenyewe ina mifano. Roger Landu wa Staff Benda Bilili, kundi la Kinshasa, alijitengenezea satonge kwa kopo na uzi mmoja tu, na sauti yake ikasikika hadi Ulaya baada ya albamu yao ya 2009. Na kwa Wanande, kama kwa ndugu zao Wakonzo wa Uganda, endara hupatanishwa kwa kunyoa mbao kidogo kidogo huku sikio likipima. Kupima sauti si ujuzi wa kigeni hapa.

Mashirika na makanisa yanayofundisha vijana waliohamishwa huchagua zaidi ushonaji, useremala na sabuni. Ni kazi nzuri, lakini soko lake limejaa. Wale wanaofundisha useremala waongeze somo hili. Mwanzo ni bidoni, rula, msumeno mdogo na hesabu. Anayepatia shingo apewe mbao. Libuyu inapita Butembo ikielekea Kasindi na Uganda. Vipande vinavyobaki kwenye mashine za kupasua vinatosha kwa shingo nyingi.

Wako watakaouliza: nani atanunua gitaa wakati watu hawana chakula? Swali ni la haki. Lakini kwaya za Butembo na Beni zinaimba kila Jumapili, na magitaa yao huvunjika shingo, hulegea na kukosa nyuzi. Riziki ya kwanza ya fundi itatoka katika kutengeneza yaliyoharibika, kabla hajauza hata jipya moja.

Kwa hiyo viongozi wa kwaya wasisubiri msaada wa mbali. Wakusanye magitaa mabovu yaliyolala sakristia, wayapeleke kwa seremala mmoja pamoja na vijana wawili waliokimbia vita, na wamlipe kwa kila shingo inayotoa sauti sawa.