Kuteleza barafuni: Ugumu wa miruko usizime usanii

KATIKA riadha, mwamuzi mkuu ni saa. Anayekata utepe kwanza ndiye bingwa, na hakuna anayeuliza iwapo alikimbia kwa madaha.

Sivyo katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, mojawapo ya ile inayotazamwa zaidi katika Olimpiki za Majira ya Baridi. Huko, majaji hupima mambo mawili yasiyofanana: ugumu wa miruko na ubora wa sanaa. Swali ambalo limeutatiza mchezo huu kwa miaka mingi ni kipi kipewe uzito zaidi.

Zamani, alama ya juu kabisa ya jaji ilikuwa 6.0. Mfumo huo uliporomoka baada ya Olimpiki za 2002 mjini Salt Lake City, Marekani, kufuatia madai kwamba jaji kutoka Ufaransa alishinikizwa kuwapendelea Warusi katika shindano la wawili wawili. Jozi ya Canada nayo ilitunukiwa dhahabu, na mwaka wa 2004 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo (ISU) likaidhinisha mfumo mpya.

Chini ya mfumo huu, kila mruko una thamani inayojulikana mapema, ambayo majaji huiongeza au kuipunguza kulingana na ulivyotekelezwa. Usanii hupewa alama kando.

Hata hivyo, ubishi haukuisha. Jijini Vancouver mwaka wa 2010, Evan Lysacek wa Marekani alitwaa dhahabu bila kujaribu mruko wa mizunguko minne. Mrusi Evgeni Plushenko, aliyeutekeleza, alishindwa kwa alama 1.31 na akalalama kuwa ugumu umedharauliwa.

Baada ya hapo, thamani ya miruko hiyo iliongezwa, na mizani ikaanza kuinamia upande wa pili.

Katika Olimpiki za Pyeongchang za 2018, Mrusi Alina Zagitova, aliyekuwa na umri wa miaka 15, aliiweka miruko yake yote katika nusu ya pili ya onyesho, ambako kila mruko ulipata nyongeza ya asilimia 10. Alimbwaga mwenzake Evgenia Medvedeva, aliyemshinda kwa alama za usanii, kwa alama 1.31 vilevile.

Zagitova hakuvunja kanuni yoyote. Ni kanuni zenyewe zilizomwonyesha njia, na mwaka huohuo ISU iliweka kikomo kwa nyongeza hiyo.

Lakini suala hili si la hesabu tu. Mwili mwembamba ambao haujabaleghe hujizungusha hewani kwa urahisi zaidi. Kwa hivyo, miruko inapothaminiwa kupita kiasi, wakufunzi hutafuta watoto. Zagitova mwenyewe alijiondoa mashindanoni mwishoni mwa 2019 akiwa na umri wa miaka 17 pekee.

Jijini Beijing mwaka wa 2022, ulimwengu ulishuhudia Kamila Valieva wa miaka 15 akianguka mara kadhaa huku akiandamwa na kashfa ya dawa zilizopigwa marufuku. Miezi michache baadaye, ISU iliamua kuongeza umri wa chini wa kushiriki mashindano ya watu wazima kutoka miaka 15 hadi 17, hatua kwa hatua.

Katika shindano hilohilo, Kaori Sakamoto wa Japan, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alinyakua shaba bila mruko wowote wa mizunguko minne. Kisha alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2024, kwa kasi na ulaini wa mwendo wake. Ni kweli kwamba Warusi hawakushiriki mashindano hayo kutokana na vita vya Ukraine, lakini alithibitisha kuwa mwanamke aliyekomaa bado ana nafasi barafuni.

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mchezo nao hukua kwa kufuata kile kinachotuzwa na kanuni zake.

Ugumu ustahili tuzo, kwani bila ujasiri mchezo hudumaa. Lakini kanuni inayomfanya bingwa aonekane mzee akiwa na miaka 17 haipimi ubora, inapoteza vipawa. Kupandisha umri ni mwanzo mwema. Linalosalia ni kuhakikisha kuwa usanii haugeuzwi kuwa pambo la kujaza muda kati ya mruko mmoja na mwingine.